Bi Odessa na Mto wa Detroit

Edmonton, London, Jumapili mchana

Mwanangu Wakesho,

Umetoka sasa hivi kwenda Southall kumuaga rafiki yako Simran, na umesema utarudi kabla ya chakula cha jioni. Nina saa tatu, labda nne. Nimeketi mezani jikoni na kalamu, kwa sababu kesho asubuhi uwanja wa ndege hautakuwa mahali pa kusema haya. Nijijuavyo, nitakuuliza kuhusu pasipoti yako mpaka watu wa foleni wachoke nami.

Habari za koti zito na chakula sitaziandika. Una akili zako, na baridi ya Michigan, huko Marekani unakokwenda kusoma, itakufundisha yenyewe. Ninakuandikia Kiswahili ingawa najua utanijibu Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kazini, cha kutunza wazee. Miaka yote hii nimekitumia kuandika kwamba mzee amekula nusu bakuli, amegeuzwa ubavu, hana malalamiko. Nimezoea kuficha mambo ndani yake, na leo sitaki kuficha. Soma polepole.

Nataka nikueleze maisha ya Bi Odessa, kisha nikueleze jambo nililokufanyia wewe.

Wewe unamkumbuka kwa karata. Ulikuwa na miaka saba na sikuwa na mtu wa kukuachia baada ya shule, basi nilikuja nawe kwake, kinyume cha sheria za kampuni iliyoniajiri. Ulikaa kwenye meza yake ndogo na hesabu zako, na akishamaliza kula mlicheza karata, naye alikuibia waziwazi, akasema anakuandaa kwa maisha. Kwako alikuwa bibi mweusi kutoka Marekani, mzee kuliko watu wote uliowajua, aliyekaa na Margaret, mkwe wake wa Kiingereza, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mimi nilikwenda kwake mara nne kwa siku: kumwamsha, kumwogesha, kumpa chakula cha mchana, kumlaza. Ukimwogesha mtu kwa miaka miwili, kuna siku atakuambia mambo ambayo hajamwambia mwingine.

Alizaliwa Mississippi, kwenye shamba la pamba lisilokuwa lao. Baba yake alilima ardhi ya mzungu, na nusu ya mavuno ilikwenda kwa mwenye ardhi kabla hawajaona kitu. Shule ya watoto weusi ilifunguliwa pale tu pamba ilipokosa kazi, na pamba, alivyoniambia, haikosi kazi. Alisoma mpaka darasa la sita. Mjini kwao duka lilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na mpaka anatimiza miaka kumi na tisa hakuwahi kupita ule wa mbele. Nilimuuliza kama jambo hilo lilimuuma akiwa mtoto. Akasema hapana, kwa sababu nyuma kulikuwa na paka. Aliumia alipokuwa mkubwa, alipokumbuka kwamba alikuwa akimfurahia yule paka.

Vita vikuu vya pili vilipopamba moto, shangazi yake aliyekuwa Detroit aliandika kwamba viwanda vinatafuta watu. Bi Odessa alipanda treni na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, maana behewa la chakula halikuwa la watu kama yeye. Kiwanda alichoingia kilikuwa cha magari, sasa kimegeuzwa kuunda ndege za vita. Kwanza wanawake weusi walipewa mifagio. Walilalamika, wakagoma, na miezi ikapita hadi wakapewa mashine. Alipigilia mabati ya mabawa ya ndege kutwa kucha. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, kile kilichokaa kama kinaonyesha kitu hata akiwa amelala, kiliharibika kwa mashine ile. Wewe ulidhani anakuonyesha karata ya kucheza.

Alikipenda kile kiwanda kuliko nilivyowahi kumsikia mtu akipenda kazi. Kisha vita vikaisha. Ijumaa msimamizi aliwashukuru wanawake kwa kulisaidia taifa, na Jumatatu walikuta majina yao hayapo. Akaenda kufua mashuka hospitalini, na huko alikaa mpaka alipozeeka.

Aliolewa na Walter, aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi huko Ufaransa. Walter alirudi na sare yake na imani moja, kwamba nchi haiwezi kumkataa milele mtu aliyeibebea silaha. Walihangaika kupata nyumba, kwa sababu kulikuwa na mitaa ambayo mtu mweusi hakuuziwa hata awe na nini. Walipopata, waliishi ndani yake miaka kadhaa, kisha jiji likaamua barabara kuu ipite hapo. Nyumba yao ikavunjwa, na kanisa, na saluni, na duka la samaki. Bi Odessa alisimama upande wa pili wa barabara akauona ukuta wa chumba chake cha kulala umebaki peke yake, na karatasi ya maua aliyoibandika kwa mikono yake iko wazi kwa kila mpita njia. Aliniambia aliona haya, kana kwamba amevuliwa nguo.

Walihamia nyumba nyingine na kumlea mtoto wao mmoja, Calvin. Calvin alipofika miaka kumi na tisa, barua ya jeshi ikaja kumwita Vietnam.

Sasa kuna kitu ambacho ramani haikuonyeshi vizuri, na utakiona mwenyewe ukifika. Detroit, huko huko Michigan, iko ukingoni mwa mto, na ng'ambo ya mto ule ni Kanada. Si mbali. Ukisimama ukingoni unayaona magari ya upande wa pili, na kuna basi linalopita kwenye handaki chini ya mto kwa dakika chache tu. Calvin alisema hatakwenda kuua watu asiowajua. Akavuka mto.

Kila mtu aliyemjua Bi Odessa alijua hadithi hiyo kwa namna moja: kwamba Walter, askari mwenye majivuno, alimfukuza mwanawe na kukataza jina lake lisitajwe. Margaret, ambaye mumewe hakupenda kumsimulia siku ile, aliniambia hivyo siku ya kwanza niliyoingia kazini. Bi Odessa mwenyewe aliniambia hivyo. Nilimwonea huruma, nikamchukia Walter, mtu niliyemwona kwenye picha tu.

Halafu ikaja asubuhi moja ya Jumanne. Nilikuwa namsugua mgongo bafuni, akaniuliza baba yako yuko wapi. Nikamjibu jibu langu la siku zote, lile unalolijua wewe: alituacha, akaenda Marekani, hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimelisema mara nyingi hata halikuniuma tena.

Maji yalianza kupoa, nikaongeza ya moto. Kisha akasema, "Walter hakumfukuza mtoto. Walter alikuwa kazini siku hiyo."

Sikumwelewa. Nilidhani akili imechanganyikiwa, kama inavyotokea kwa wazee. Lakini macho yake yalikuwa makavu na anasema neno moja moja.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia, ukivuka mto ule mimi sina mtoto. Nikamfungulia mlango kwa mkono wangu."

Walter aliporudi jioni, Bi Odessa alimwambia kijana ameondoka kwa hasira na hakutaka kuagana na baba yake. Walter alikaa kwenye ngazi za nje mpaka giza. Calvin aliandika barua tatu kutoka ng'ambo. Bi Odessa ndiye aliyepokea posta, na zote tatu alizirudisha bila kuzifungua. Kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda ukingoni mwa mto akasimama akitazama Kanada. Calvin aliishi pale mbele yake miaka saba, naye hakupanda lile basi hata mara moja.

Nilimuuliza kwa nini. Si kwa kumlaumu, nilitaka kujua. Alisema mwanzo alijiambia ni kwa ajili ya majirani ambao watoto wao walikuwa wamekwenda vitani, na wengine wamerudishwa kwenye masanduku. Miaka ilipopita akaona si hilo. Kila kitu alichowahi kukipata alikipata kwa kutii na kusubiri. Alisubiri mashine, alisubiri nyumba, alisubiri mlango wa mbele. Na huyu mtoto amesema hapana mara moja tu, akavuka kwa dakika chache, akawa huru. "Nilimwonea wivu mwanangu," alisema. Sijasahau, Wakesho, kwamba mtu wa miaka tisini alinitamkia neno hilo akiwa uchi ndani ya maji, na mimi nimeshika sponji.

Rais mmoja wa baadaye aliwasamehe vijana wote waliokimbia vita. Bi Odessa akangoja Calvin arudi nyumbani. Calvin alingoja mama yake amwite. Hakuna aliyemwita mwenzake. Calvin alikuwa ameshamwoa Margaret, nesi wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Kanada, na wakahamia huku London. Walter alikufa. Siku za mwisho alimuuliza mkewe kama kijana aliwahi kuandika, naye akajibu hapana. Baada ya mazishi, watu walipouliza kwa nini Calvin hakuonekana, ndipo alipoanza kusema ni Walter aliyemfukuza. Aliona ni rahisi, maana maiti hajibu.

Bi Odessa alikuwa na miaka sabini na tisa Margaret alipomwandikia kwamba moyo wa Calvin unasumbua. Alikwenda kupata pasipoti kwa mara ya kwanza maishani. Aliposhuka Heathrow alimpita mwanawe bila kumtambua, kwa kuwa alikuwa akimtafuta kijana. Calvin, mwanamume mwenye mvi na fimbo, alimwita kwa nyuma, "Mama." Walikaa pamoja miaka mitatu. Walikunywa chai pamoja kila asubuhi. Calvin hakumlaumu hata siku moja. Alimuuliza jambo moja tu, kama baba yake alijua, na akaridhia, yale mama aliyoyasema siku ile mlangoni. Bi Odessa alikuwa na nafasi ya kusema ukweli kwa neno moja.

Akasema, "Ndiyo, alijua."

Calvin alikufa akiamini kwamba baba yake alimkataa. Hapo ndipo bibi alipolia, na mimi nikakaa sakafuni kando ya beseni na nguo zangu za kazi zikalowa. Aliweza kusimulia ile barabara kuu iliyokula nyumba yake, na kile kiwanda, na ule mlango wa nyuma, bila sauti kutetemeka. Hayo alifanyiwa na wengine. Hili alilifanya mwenyewe, na mtu wa kumwomba msamaha hakuwepo tena.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Unamjua. Jioni ile ile alikuibia karata na kunitania tena kuhusu yule rais wao mwenye baba Mkenya, kwamba sisi tumewapa mmoja na bado tunadai shukrani. Alikufa miezi saba baadaye akiwa usingizini, na wewe ulivaa viatu vyako vya shule kwenda mazishini.

Sasa yangu.

Baba yako Mwadime hakutuacha kama nilivyokuambia. Tulikuwa tunaishi Wembley, sisi watatu chumba kimoja, na wewe una miaka minne. Alipata kazi Ohio na alikubali kabla hajaniuliza. Aliondoka wiki ile ile nyanya yako alipolazwa hospitalini Voi, hali yake mbaya, na mimi siwezi kusafiri kwa sababu viza yangu ilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji. Nilimzika mama yangu kwa simu, nikisikiliza nyimbo kwa mbali na mtu ananisimulia sasa wanafanya nini. Baba yako hakuwepo kunishika mkono. Hilo ni kosa lake na sitalipunguza. Yeye mwenyewe halipunguzi.

Lakini alisema atatuchukua, na alitengeneza makaratasi kweli. Fomu zilikuja. Zilihitaji sahihi yangu tu. Niliziweka kwenye droo, nikamwambia hazijafika, kisha nikamwambia sitaki. Alipiga simu kila Jumapili. Kwanza nilikupa simu. Ulikuwa ukimwimbia nyimbo za shule. Halafu Jumapili moja nilikuwa nimechoka na nina hasira, nikamwambia umelala, na uongo ule ulinipa raha ambayo sikuitegemea. Wiki iliyofuata nikamwambia hutaki kuongea naye. Wewe ulikuwa chumbani humo humo unachora, wala hukuulizwa. Nilisikia anavuta pumzi. Akasema, mwambie nitapiga tena. Alipiga tena, na tena nikamwambia hivyo hivyo. Baadaye nikabadilisha namba, tukahamia Edmonton, na yeye hakuambiwa. Ulipoanza kuuliza, nilikuambia amekwenda na hakugeuka nyuma. Ulikuwa na miaka sita. Ulisema "okay" ukaendelea kula, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba neno lile lilimaanisha umeridhika.

Ningependa kukuandikia kwamba siku ile niliyotoka bafuni kwa Bi Odessa nilimpigia baba yako. Sikumpigia. Nilikwenda nyumbani nikapika. Nilijua kabisa nilichopaswa kufanya, nikaishi na kukijua miaka kumi mizima. Kila mwaka nilipata sababu: una mitihani, una umri mbaya, labda ana familia nyingine. Mara moja nilimwandikia ujumbe mrefu nikaufuta. Nilidhani ukilijua kosa lako, umeshalirekebisha nusu. Si kweli, mwanangu. Bi Odessa alilijua lake vizuri kuliko mimi, akalibeba mpaka kaburini kwa mwanawe.

Ulipoleta ile barua ya ufadhili wa chuo, ukaniruka shingoni, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa Ohio. Kutoka chuo chako mpaka kwa baba yako ni saa tatu kwa gari. Nilikushangilia huku nikiogopa. Nilifikiri: utakutana naye huko, dukani au kanisani kwa Wakenya, watu watasema huyu ni mtoto wa Mwadime, na utalipata hili kutoka kinywa cha mwingine. Naona haya kukuambia kwamba hofu ile ndiyo iliyonisukuma. Nilitaka iwe mapenzi. Ilikuwa hofu, na mapenzi yakafuata nyuma.

Jumatano iliyopita, nikiwa na mapumziko kati ya wazee wawili, niliketi kwenye benchi la kituo cha basi nikampigia. Namba nilipewa na dada yake aliyeko Voi, ambaye hakunisema kwa ubaya hata neno moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko kutukanwa. Alipokea. Nilimwambia mimi ni nani, kisha nikamwambia yote, lile la kulala, lile la hutaki, lile la droo. Nilimwambia unakuja Michigan.

Kisha akauliza, "Bado anaandika kwa mkono wa kushoto?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema asante. Basi langu likaja, likaondoka, lingine likaja. Hakunitukana. Alisema hana haki ya kudai kitu kwako na hataki nikulazimishe. Hakuoa tena. Anaendesha gari la kubeba wagonjwa, usiku na mchana, na bado anatamka vibaya neno "Thursday". Hayo ndiyo tuliyoongea.

Namba yake imo kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Ya kwako sikumpa, wala hakuiomba. Miaka kumi na tatu nimekuwa nikimjibu kwa niaba yako, na sitamjibu tena. Ukitaka kumpigia kesho, mpigie. Ukitaka baada ya miaka mitano, au usitake kabisa, ni sawa, na mimi sitakuuliza. Usimpigie kwa ajili ya kunifurahisha, na usimnyime kwa ajili ya kunilinda.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuificha barua hii sandukuni, chini ya sweta, uifungue ukiwa chumbani mwako Michigan na bahari nzima iko kati yetu. Nilikuwa nimeshapanga ni sweta gani. Nimebadilisha nia nikiwa katikati ya kuandika. Nitakupa mkononi leo ukirudi kutoka Southall, uisome hapa hapa mezani, na mimi nimekaa mbele yako. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie. Ukitaka kulala kwa akina Simran usiku huu, nitakuletea sanduku lako asubuhi na sitasema neno njiani. Nilikosa ujasiri miaka mingi, mwanangu, lakini huu wa leo jioni ninao.

Mama yako